Kigari Nilichounganisha na Mama Mkwe

Mwaka niliovunjika mguu, mke wangu alimwita mama yake aje kunitunza bila kuniuliza. Angeniuliza ningekataa, na hilo alilijua vizuri.

Ilikuwa Machi, matope bado mengi. Nilikuwa natoka kazini nimepanda bodaboda, tukateleza kwenye kona ya kuingilia mtaani kwetu Lizaboni, hapa Songea, pikipiki ikanilalia. Dereva aliinuka akajikung'uta suruali. Mimi sikuinuka. Hospitali walinifunga plasta kuanzia pajani hadi karibu na vidole, wakanipa magongo mawili na karatasi ya kurudi baada ya wiki nane. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, anatoka alfajiri na kurudi saa kumi jioni. Binti yetu yuko shule ya bweni. Mtu wa kunisogezea hata kikombe cha maji mchana hakuwepo.

"Mama amemaliza palizi," mke wangu aliniambia, kama mtu anayetaja habari za mvua. "Kesho anakuja na basi la asubuhi."

"Mama yupi?"

"Mama yangu. Kwani Namtumbo una mama wangapi?"

Kwetu sisi, mwanaume na mama wa mke wake hawazoeani. Hamkai chumba kimoja mkiwa wawili, hamli pamoja, ukimwona anakuja njiani unapisha pembeni mpaka apite. Vijana wa sasa wengi wameyaacha hayo, lakini mimi nililelewa nayo na yeye alilelewa nayo. Miaka kumi na minne ya ndoa nilikuwa nimemsalimia huku nikitazama miguu yake. Nilikuwa nayafahamu malapa yake kuliko sura yake. Ugomvi hatukuwahi kuwa nao. Tulikuwa tunaheshimiana kwa mbali, na umbali ule ulitufaa wote wawili.

Sasa huyo ndiye aje kunibebea maji ya kunawa.

Siku za kwanza zilikuwa ngumu kwetu sote. Alikuwa anakohoa kidogo akiwa bado ukumbini, nijue anakuja. Anaingia akitazama ukuta, anaweka bakuli la uji juu ya stuli, anatoka. Hakuniita jina lolote. Alikuwa anasema na hewa.

"Uji upo hapa, kama kuna mtu ana njaa."

"Asante, mama," najibu nikitazama plasta yangu.

Baada ya muda nasikia kutoka jikoni, "Kuna mtu hajamaliza uji wake. Labda sukari haitoshi?"

Ndivyo tulivyoishi wiki nzima, watu wawili wazima ndani ya nyumba ya vyumba vitatu, kila mmoja akijitahidi asimwone mwenzake. Jioni mke wangu akirudi, mama yake alikuwa anafunguka kama redio iliyowekwa betri mpya. Walizungumza Kindendeule jikoni na kucheka, nami niliyekulia Kingoni nilikuwa nadaka neno moja moja na kuachia mengine yapite.

Kilichotutoa huko kilikuwa boksi.

Boksi hilo lilikuwa juu ya kabati la chumbani kwa miaka miwili. Nililinunua Dar es Salaam nilipokwenda semina, kwa bwana mmoja aliyekuwa anahama na kuuza vitu vyake. Ndani yake mlikuwa na kigari cha rimoti cha kukimbia kwenye vumbi, ila kilikuwa hakijaunganishwa. Unapewa vipande na kitabu cha michoro, unaunda mwenyewe. Kazi yangu ni kuchora ramani za barabara na mitaro, na siku ile nilijiambia kwamba nimechora barabara nusu ya maisha yangu bila kutengeneza hata kitu kimoja cha kupita juu yake. Nikanunua. Nilipofika nyumbani nikakosa muda, au nikaona haya kuanza, sijui. Mke wangu alikuwa analifuta vumbi boksi lile kila mwezi na kulirudisha.

"Nishushie lile boksi," nilimwambia Jumapili moja.

"Hatimaye!" Akalishusha, akaniwekea juu ya godoro dogo lililotandikwa kwenye mkeka sebuleni, nilipokuwa nashinda, akacheka. "Usije ukavunjika na mkono."

Jumatatu, peke yangu, nikalifungua. Vipande vya plastiki vilikuwa vimeshikana kwenye fremu kama maembe machanga kwenye kikonyo, unavikata kimoja kimoja kwa wembe. Skrubu, vyuma na gia vilikuwa kwenye mifuko yenye herufi. Tairi zilikuwa na meno ya mpira. Bodi yake ilikuwa ya plastiki angavu, unaona mpaka upande wa pili. Kikikamilika kitakuwa na urefu wa kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole. Nilikisoma kitabu kile mara mbili kabla ya kugusa chochote. Michoro yake ilikuwa safi sana, na mimi mchoraji nilifurahi nayo kama mtu aliyepokea barua kutoka kwa mwenzake wa kazi.

Siku ya pili nilipoteza klipu. Ni kichuma chembamba, chenye umbo la herufi E, kidogo kuliko punje ya mchele, na kazi yake ni kushikilia kipini kisitoke. Niliminya kwa koleo, kikaruka. Nilisikia kimelia mahali fulani upande wa kochi, basi. Nikajaribu kuinama, mguu ukagoma. Nikajaribu kusukuma kochi kwa gongo, gongo likateleza, nikaanguka upande na kugonga meza.

Mama mkwe alikuwa jikoni anachambua maharage. Alifika mlangoni bila kukohoa.

"Usisogee," alisema.

Lilikuwa neno lake la kwanza kuniambia mimi, uso kwa uso. Nilitulia pale pale nilipokuwa.

"Kimeanguka nini?"

"Kidude, mama. Kidogo sana."

"Cha chuma au cha plastiki?"

"Cha chuma."

Alichukua ufagio akafagia sebule nzima polepole, kutoka ukutani kuja katikati, mpaka chini ya kochi, akakusanya uchafu wote kwenye ungo. Akaenda nao mlangoni akaanza kupepeta. Vumbi likaruka, nyuzi za mkeka zikaruka, maganda ya vitunguu yakaruka. Akapepeta tena. Kisha akaja na ungo akauweka juu ya stuli na kurudi nyuma hatua mbili. Ndani yake palikuwa na mchanga kidogo, punje moja ya mahindi, na klipu yangu.

"Hiki?"

"Ndicho."

"Kinakaa wapi?"

Nilimwonyesha. Aliinama akaangalia, mikono nyuma, kama mtu anayetazama mtoto mchanga wa watu. Kisha akauokota mmoja wa ile mifuko mitupu ya nailoni na kuuweka karibu na mguu wangu.

"Ukitaka kukibana, ingiza mikono humu ndani," alisema. "Kikiruka, kitaruka humo humo."

Nikafanya hivyo. Kiliruka mara mbili zaidi, na mara zote mbili nikakiokota ndani ya mfuko. Mara ya tatu kikakaa.

Kesho yake, baada ya kuosha vyombo, alikuja na kigoda chake akakaa karibu na mlango, mbali na mimi, na kuangalia. Siku iliyofuata kigoda kilikuwa kimesogea. Ya tatu alikuwa amekaa mwisho wa mkeka, na trei ya mayai mbele yake.

Trei ilikuwa wazo lake. Mimi nilikuwa nimemwaga skrubu zote kwenye sahani moja, kila nikitaka moja napekua na kupima kwa rula. Nyingine zilitofautiana kwa milimita mbili tu. Yeye macho yake hayaoni karibu. Uzi kwenye sindano hutungiwa na binti yake. Lakini alishika skrubu kati ya kidole gumba na cha shahada, akaizungusha, akaitia kwenye kishimo cha trei. Akachukua nyingine. Hakukosea hata moja.

"Umejuaje, mama?"

"Tumbaku," alisema. "Miaka thelathini nimepanga majani kwa madaraja. Macho yanadanganywa na mwanga, ukiwa ndani ya bani, banda la kukaushia, jani linaonekana jeusi, ukitoka nje linakuwa jingine. Kidole hakidanganywi."

Mumewe alipofariki aliiacha tumbaku, akabaki na mahindi. Lakini vidole vilikuwa bado vinakumbuka. Nikawa nasema namba, yeye ananisogezea. Hakunipa mkononi. Aliweka juu ya stuli, nami nikachukua juu ya stuli. Hilo hatukulizungumza, lilijipanga lenyewe.

Tukafunga difu, zile gia zinazogawa nguvu kwa tairi za kushoto na kulia. Tukafunga giaboksi. Difu ilimshughulisha sana, alitaka kujua kwa nini tairi moja ikishikwa nyingine inaendelea kuzunguka. Nilimwelezea kwa vifuniko viwili vya sufuria na kijiti. Jioni mke wangu akaniambia, "Mama ameniuliza kama najua difu ni nini. Nimeshindwa kumjibu. Amenisikitikia."

Kwenye shokapu nilikosea. Ziko nne, kila moja unaijaza mafuta mazito kisha unafunga kifuniko. Nilikuwa na haraka, nikajaza, nikafunga. Nilipoibonyeza ikalia kama mtu anayenyonya meno. Hewa ilikuwa imebaki ndani.

"Yaache yatulie kwanza," alisema. "Hata mafuta ya alizeti ukiyamimina kwenye chupa unayaacha yatoe mapovu."

Nikarudi kwenye kitabu. Kulikuwa na mchoro wa saa, mdogo, pembeni kabisa, nilioupita bila kuuona. Tukazisimamisha shokapu zote nne kwenye trei ya mayai, vifuniko wazi, na kunywa chai tukiyatazama mapovu yanavyopanda moja moja. Sikumbuki kama tulisema lolote. Nakumbuka tu kwamba haikunisumbua.

Jumamosi iliyofuata mke wangu alikwenda sokoni, na wageni wakaja kunijulia hali. Walikuwa wenzangu wawili wa ofisini pamoja na baba yangu mdogo, anayeishi hapa hapa mjini na ndiye mkubwa wa ukoo wetu kwa sasa. Mlango ulikuwa wazi. Walitukuta kwenye mkeka mmoja, mimi nimenyoosha plasta yangu, mama mkwe ameshika fremu ya kigari ili nifunge skrubu.

Wenzangu walicheka, kicheko cha kawaida tu. "Bosi, umerudi chekechea?" Baba mdogo hakucheka. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaangalia mkeka, akaangalia upande mwingine.

"Siku hizi wakwe wanakaa hivi?" aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua.

Mama mkwe aliweka fremu chini taratibu, akajifunika kanga vizuri, akawasalimia wageni akiwa amepiga goti, akatoka kupitia mlango wa nyuma. Walikaa nusu saa. Sikumbuki tulichozungumza. Nilikuwa najisikia kama mtu aliyekutwa amevaa nguo ya mwenzake.

Kuanzia siku hiyo alirudi kule kule tulikoanzia. Kikohozi ukumbini, bakuli kwenye stuli, macho ukutani. "Chakula kipo, kama kuna mtu anakihitaji." Kigoda kilirudi jikoni. Mke wangu aliona lakini hakuuliza, na mimi sikujua pa kuanzia kumweleza.

Niliendelea peke yangu. Nilifunga mkono wa mbele wa kigari, ule unaobeba tairi, kwa skrubu ndefu kuliko inavyotakiwa, ikapenya na kugusa usukani. Nikaitoa kwa nguvu, kichwa chake kikaliwa. Siku ya nne nikasukuma trei kwa kiwiko, na skrubu zote zikamwagika na kuchanganyika. Nilizitazama kwa muda. Ningeweza kuchukua rula. Nilisikia yeye yuko jikoni, maji yanamwagika kwenye beseni.

Nikasema na hewa.

"Kuna skrubu zimemwagika hapa. Sijui kama ndani ya nyumba hii kuna mtu anayeweza kuzipanga."

Maji yalinyamaza.

"Yupo," sauti ikasema kutoka jikoni. "Anakausha mikono."

Alikuja, akakaa mwisho wa mkeka, akavuta trei. Tulifanya kazi labda robo saa. Kisha akaanza kusema, macho kwenye skrubu.

"Mimi baba mkwe wangu nilikaa naye boma moja miaka kumi na tisa. Nilimpikia kila siku. Akipita nainama, akikaa upande huu mimi nakaa ule. Alikuwa mtu mzuri, watu wote wanasema. Mimi uso wake niliuona siku ya kumuaga, akiwa kwenye jeneza. Nikajiuliza, kumbe alikuwa na kovu hapa juu ya jicho? Nikataka kumuuliza mtu kovu la nini. Nikaona haya."

Akatia skrubu kwenye kishimo.

"Baba yako mdogo hakusema vibaya," aliongeza. "Anasema alivyofundishwa. Nami nilifundishwa hivyo hivyo. Lakini siku nne hizi nimekaa jikoni nawaza, hiki kidude cha watu kitaisha kweli?"

"Kilikuwa hakiishi, mama."

"Nimeona. Umefunga mkono wa kushoto upande wa kulia."

Niliangalia. Alikuwa sahihi.

Kigari kiliisha mwanzoni mwa Mei. Bodi tuliipulizia rangi ya buluu kwa ndani, kama kitabu kilivyoelekeza, na alisimama pale kuhakikisha sipulizi nje kwa mazoea. Wiki hiyo hiyo plasta ilikatwa. Mguu ulitoka mwembamba na mweupe kama wa mtu mwingine, na daktari akasema nitembee na gongo moja mpaka nizoee.

Nyuma ya nyumba yetu kuna uwanja wa wazi ambapo majirani huanika mahindi msimu ukifika. Mvua zilikuwa zimekata, udongo umeanza kuwa vumbi jekundu. Mke wangu alibeba kigari, mimi rimoti. Nilikuwa nimepanga kuanza mimi. Badala yake nikaiweka rimoti juu ya tofali karibu na mama mkwe, nikasogea.

"Mimi?" Akaiokota kwa mikono miwili. Kidole kikagusa, kigari kikaruka kama kuku aliyemwagiwa maji, kikakata uwanja mzima na kujipigiza kwenye banda la kuku la jirani. Kuku wakapiga kelele. Jirani akachungulia. Mama mkwe alikuwa ameishika rimoti juu ya kichwa, kama mtu anayevuka mto na mzigo.

"Kimevunjika?" aliuliza.

Hakikuvunjika. Akajaribu tena, safari hii polepole, na mwishoni mwa wiki alikuwa anakizungusha kwenye matofali manne bila kuyagusa. Mke wangu naye alijaribu mara mbili akasema anapendelea kutazama.

Lakini vumbi la Songea ni laini, linaingia kila mahali. Baada ya siku kumi hivi kigari kikaanza kulia kama mashine ya kusaga. Tairi ya nyuma ikawa inacheza, na mota ikawa inachemka mpaka huwezi kuishika. Tukakifungua kwenye mkeka. Grisi ilikuwa imekuwa tope jekundu. Vibushi vya plastiki vinavyobeba ekseli vilikuwa vimelika, tundu la duara limekuwa kama yai.

"Grisi umepaka nyingi," alisema mama mkwe. "Na umepaka hata nje. Marehemu mume wangu alikuwa na baiskeli ya kubebea tumbaku. Alikuwa akipaka ndani, nje anafuta mpaka panang'aa. Alikuwa akisema grisi ya nje ni kulipakulia vumbi chakula."

Nilimwomba mwenzangu mmoja wa ofisini, mmoja wa wale waliocheka, aliyekuwa anakwenda Dar es Salaam, anitafutie beringi za vipimo vile na mafuta mazito zaidi ya shokapu, maana kwenye mashimo ya uwanja wetu kigari kilikuwa kinagonga tumbo chini. Alivituma kwa basi, chupa ya mafuta, na beringi kwenye kifurushi kidogo kuliko kibiriti. Beringi zenyewe zilikuwa kama vifungo vya shati. Mama mkwe aliitia moja kwenye ncha ya penseli, akaipiga kwa ukucha, ikazunguka. Ikaendelea kuzunguka. Akasogeza sikio.

"Haina sauti," alisema.

Tuling'oa vibushi vyote, tukasafisha kila gia kwa mswaki na mafuta ya taa, tukaweka beringi, tukabadilisha mafuta ya shokapu, tukapaka grisi kidogo kwa ncha ya kijiti na kufuta iliyozidi. Kabla ya kubadilisha, nikikisukuma kigari kwa mkono sebuleni kilikuwa kinatoka kwenye kochi na kufia mlangoni. Sasa kilipita mlangoni, kikavuka ukumbi, kikashuka ngazi ya kibarazani na kuendelea. Tulitazamana. Nasema tulitazamana, na ndipo nilipogundua kwamba tulikuwa tumeacha kutazama ukuta, sijui tangu lini. Ana macho ya mke wangu. Nilikuwa sijui.

Kuhusu vumbi alifanya mwenyewe. Tulikuwa na mwavuli uliovunjika vyuma. Akaufumua kitambaa chake, akakipima juu ya fremu kwa vidole, akamwomba binti yake amtungie uzi, akashona kifuniko cha kuzunguka mitambo yote ya ndani, chenye lastiki pembeni na matundu ya shokapu yaliyopindwa vizuri. Kilikaa kama soksi. Tulikiendesha kigari siku nzima, tukafungua jioni. Ndani palikuwa safi. Nimeona baadaye kwenye simu kwamba watu wa nje wananunua vifuniko vya namna hiyo vimetengenezwa kiwandani. Nilimwonyesha picha. Akasema cha kwake kimepindwa vizuri zaidi, na ni kweli.

Juni alirudi kwake kuvuna. Nyumba ilikuwa kimya isivyo kawaida, na trei ya mayai niliiacha pale pale kwenye kona, nikitumia skrubu mbili tatu na kuzirudisha.

Mwanzoni mwa Julai, kabla shule hazijafunguliwa, tulikwenda Namtumbo kumtembelea. Baridi ilikuwa kali asubuhi ile, tulisafiri na masweta. Binti yetu alikuwa amekipakata kigari njia nzima. Tulimkuta mama mkwe shambani nyuma ya nyumba, mahindi yameshavunwa, mabua yamekatwa. Katikati ya shamba alikuwa amesafisha njia pana, ameng'oa visiki vyote, na pembeni amepandisha vituta vitatu vya udongo.

"Nimechonga barabara," aliniambia baada ya salamu. "Wewe mchoraji, itazame kama imekaa sawa."

Niliikagua. Kona moja ilikuwa kali mno, nikamwambia. Akachukua jembe akairekebisha palepale.

Majirani walikuja, wanawake wengi, na shemeji yake, kaka wa marehemu mumewe, mzee mwenye fimbo. Alikaa kwenye gogo, akaangalia mkwe na mama mkwe wamesimama bega kwa bega wanabishana juu ya rimoti. Nilimwona mama mkwe amemwona. Nilingoja ajifunike kanga na kuondoka. Alimwamkia kwa goti kama inavyopasa, akainuka, akarudi kwenye rimoti.

"Shemeji, kaa upande huu," alimwambia. "Huko vumbi litakufuata."

Mzee akasogea upande huu.

Kigari kilipanda kituta cha kwanza, cha pili, na kwenye cha tatu kikaruka juu kuliko tulivyotegemea, kikageukia hewani na kuangukia pua nje ya njia, kwenye kisiki cha bua. Mkono wa mbele ukakatika. Nilianza kusema pole. Yeye alikuwa anacheka, amejishika kiuno, machozi yanamtoka, na binti yetu anacheka kwa kumwona bibi yake anacheka.

"Umeona kilivyoruka?" alimuuliza shemeji yake. "Umekiona?"

"Nimekiona," mzee alisema. "Hicho kinahitaji chuma pale mbele. Plastiki haiwezi."

Jioni mimi na yule mzee tulikula kibarazani, ugali na samaki wa kukaanga, mguu wangu nimeunyoosha kwenye kigoda. Wanawake walikula jikoni. Hilo halijabadilika, na hakuna kati yetu aliyetaka libadilike. Mimi na mama mkwe hatujawahi kula sahani moja mpaka leo.

Kutoka jikoni nilisikia sauti yake, anawasimulia majirani kwa Kindendeule. Maneno mengi yalinipita. Yaliyonifikia yalikuwa shokapu, beringi, difu, yakitokeza kila baada ya muda, kisha minong'ono ya kuuliza, kisha sauti yake tena. Kwa nilivyoelewa, alikuwa anawaambia kwamba mafuta yakiwa mazito zaidi kigari kinaruka juu zaidi. Siyo hivyo hasa, yanakizuia tu kisigonge tumbo chini. Mzee aliuliza ninatabasamia nini. Nikamwambia samaki ni watamu, na nikamsogezea bakuli.